Vitabu vya Chini ya Kitanda

Nimekana kwa miaka mingi kwamba Lipingo kulikuwa na maktaba. Nimekana mbele ya walimu wangu, mbele ya wenzangu wa chuo kikuu, na mara moja mbele ya mtafiti aliyekuja kuuliza kama mwambao wetu wa ziwa uliwahi kuwa na huduma za usomaji. Nilimjibu kwa uso mkavu kwamba haukuwahi. Aliandika hivyo, na bila shaka mahali fulani kuna ripoti inayosema hivyo, nami ndiye chanzo chake cha kuaminika.

Leo nakiri kwamba ilikuwepo. Ilikuwa chini ya kitanda cha mama yangu mdogo, na vitabu vilivyozidi vilipanda darini, juu ya jiko, vikakaa na mahindi ya mbegu na moshi. Ziko nyumba ambazo watoto hufundishwa kukana gongo. Sisi tulifundishwa kukana vitabu. Akija mtu mwenye viatu vya kamba na kalamu mfukoni, tukiulizwa, jibu lilikuwa moja: "Hatujui, labda mama." Na mama alikuwa shambani, hata kama alikuwa ndani anapika.

Tangu nianze kuandika, watu huniuliza wapate wapi vitabu kwa bei nafuu. Nina majibu mazuri sana. Nawaambia waende maktaba ya mkoa, wabadilishane na marafiki, wapite kwenye vitabu vilivyotumika vinavyotandikwa chini kando ya barabara, wasione aibu kupatana bei. Majibu yote ni sahihi, na nikishayatoa naona muulizaji ananishukuru kwa adabu kama mtu aliyepewa maji ya moto badala ya chai. Mimi mwenyewe sikuvipata vitabu vyangu kwa njia hizo. Nilivipata kwa mtu, na mtu huyo ndiye ninayetaka kumwandika.

Nilikulia Mbuji, milimani, kwenye kahawa na mashimo ya ngolo tunayolimia miteremkoni. Nilipofika darasa la tano au la sita ilikuwa tayari imeingia ile miaka ya biashara huria, watu waliyoiita ya ruksa. Mbinga mjini duka lililokuwa likiuza vitabu lilianza kuuza betri pembeni ya vitabu, kisha viatu pembeni ya betri, na siku moja nilipoingia nikakuta vitabu ndivyo vilivyo pembeni, vimeegemezwa ukutani nyuma ya mabeseni. Bei ya kitabu kimoja cha hadithi ilikuwa inakaribia bei ya debe la mahindi, na nyumbani kwetu debe la mahindi lilikuwa na mashabiki wengi zaidi. Parokiani kulikuwa na kabati, na ufunguo alikuwa nao mtawa mmoja mpole aliyeazimisha vitabu kwa kumtazama mtu usoni. Akinitazama mimi aliona mtoto anayehitaji maisha ya watakatifu. Niliyasoma mengi. Nilijua namna ya kufia dini kwa njia mbalimbali kabla sijajua kukokotoa sehemu.

Sokoni karatasi zilikuwa zinauzwa kwa kilo, za kufungia. Vitabu vya shule zilizobadilisha mtaala, majarida ya mashirika yaliyofungwa, vyote vilichanwa vikafungiwa chumvi na karanga. Kulikuwa na mama mmoja muuza karanga ambaye kwa msimu mzima alifungia kitabu cha jiografia. Nilinunua karanga kwake tu ili nipate ukurasa unaofuata. Kwa bahati mbaya alikuwa anachana kutoka mwisho, kwa hiyo mito yangu yote ilianzia baharini ikapanda mlimani. Hata leo nikitajiwa mto lazima nifikiri kidogo.

Likizo ziliponikuta, nilipelekwa kwa mama mdogo, Lipingo. Nilishuka na lori la maharage au na mguu wangu, kutegemea maharage. Mama mdogo alikuwa mdogo wake mama, Mmatengo aliyeolewa kwa Wanyasa, na kwa kazi alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Enzi za kampeni ya kufuta ujinga alifundisha wazee kusoma kwenye banda la ghala la ushirika, na kwenye chumba cha nyuma cha ghala hilohilo alikabidhiwa maktaba ya kijiji. Alikabidhiwa na ofisa wa wilaya aliyekuja na gari, mbele ya wazee, akapigiwa makofi. Mumewe, baba yangu mdogo, ndiye aliyekuwa mtunza ghala. Kwa hiyo mume alitunza magunia, mke akatunza vitabu, na ukuta mmoja wa mabanzi ukawatenga. Mama alikuwa anasema ile ndiyo ndoa pekee aliyoijua ambayo ilikuwa na ofisi.

Kisha ushirika ukayumba, ukaanguka. Mishahara ya walimu wa watu wazima ilianza kuchelewa, halafu ikaacha hata kuchelewa. Ghala likakodishwa kwa mfanyabiashara aliyekuwa ananunua mpunga na samaki wakavu, naye hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba anahitaji chumba cha nyuma na kwamba ifikapo Jumamosi kitu chochote kitakachokuwa humo atakitoa nje. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Mama mdogo aliwaita wanafunzi wake wa zamani, wazee na bibi waliojifunza herufi kwake, wakabeba vitabu vichwani hadi nyumbani kwake kama watu wanaohama.

Hapo ndipo siri ilipoanza. Vitabu vilikuwa mali ya serikali, na sasa mali ya serikali ilikuwa chini ya kitanda cha mtu. Ungeweza kusema ni jambo dogo. Lakini ushirika ulipofungwa, baba mdogo aliwekwa ndani kwa sababu ya magunia yaliyopungua kwenye hesabu za watu wengine. Alikaa mahabusu Mbinga, akarudi amekonda, na kilichomtoa ni karatasi ya makabidhiano yenye sahihi na mhuri, kuonyesha kwamba siku alipoacha funguo magunia yalikuwepo yote. Karatasi ile waliihifadhi ndani ya sanduku la nguo pamoja na cheti cha ndoa. Mama mdogo aliona kwa macho yake kwamba mtu mwenye karatasi analala kwake, na asiye nayo analala kwingine.

"Nimepewa mbele ya watu," alisema, "nitatoa mbele ya watu. Akija wa kuvipokea, vipo. Asipokuja, vipo."

Wakati huohuo hakuweza kukatalia watu kusoma. Alikuwa mwalimu. Kwa hiyo kijiji kizima kiliazima vitabu ambavyo kijiji kizima kilikana kuwa vipo.

Kwetu chombo hakirudi kitupu. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi na kitu: mayai, unga kidogo, hata ndizi mbili. Hakuna aliyeamua kwamba desturi hiyo ihusu vitabu, ilitokea tu. Mtu alirudisha kitabu akakifunga kwenye kitambaa pamoja na usipa wakavu, dagaa wetu wa ziwani, au mihogo, au sabuni ya kipande. Kwa tahadhari hawakutaja kitabu. Walibisha hodi wakasema, "Nimerudisha sahani yako, Mwalimu." Naye alijibu, "Ingia uchukue nyingine." Mgeni aliyekaa pale kutwa angedhani nyumba ile ina vyombo kuliko hoteli.

Matokeo yake vitabu vya Lipingo vilikuwa na harufu. Kimoja kilichohusu ufugaji wa kuku kilirudi na mayai ndani ya mkoba uleule, yai moja likapasuka, na tangu hapo sura ya magonjwa ya vifaranga haikufunguka tena. Kulikuwa na kijitabu cha kilimo cha pamba, na pwani nzima ya ziwa letu hakuna aliyewahi kuona mpamba. Kiliazimwa sana, kwa sababu ya picha. Kulikuwa na kingine cha namna ya kuchimba bwawa la samaki, ambacho watu walikisoma wakiwa wamekaa mchangani, ziwa liko mbele yao hadi Malawi, wakacheka mpaka machozi. Lakini kulikuwa pia na hadithi, tamthilia, mashairi, historia, na vitabu vya sayansi vyenye michoro. Nilisoma vyote. Mama alinifungia maharage ya kulipia, nami nikashuka na maharage nikapanda na vitabu. Nilipofaulu kwenda sekondari, wakati karo ilikuwa imerudi na kila mzazi anaambiwa achangie, vitabu vya ziada vilikuwa tayari vimekwisha kuingia kichwani bila senti ya baba. Sijawahi kupata bei nafuu kuliko ile.

Baba mdogo hakupata kazi nyingine. Mtunza ghala bila ghala ni mtu anayetembea na funguo mfukoni kwa mazoea. Vijana walianza kwenda Tunduru kwenye vito, naye akaenda, pamoja na umri wake. Binti yao mmoja alikwisha kuolewa Songea, kwa hiyo mama mdogo alibaki peke yake na maktaba. Baada ya muda habari zikaja kwa madereva kwamba baba mdogo amepata, si sana, lakini amepata. Amejenga vyumba viwili na kufungua duka la mahitaji ya wachimbaji. Kisha akaja mwenyewe. Nilikuwepo. Nilikuwa kidato cha tatu, nimejikunja kwenye mkeka na kitabu, najifanya sisikii, kazi ambayo wasomaji wote wanaiweza.

Alikuwa amemletea kitenge na redio. Aliviweka juu ya kitanda, juu ya maktaba, akasema, "Mwalimu, fungasha. Gari linageuka kesho kutwa."

"Vitabu je?"

"Vitabu vina miguu? Vitakaa hapohapo."

"Na nani?"

"Na panya. Hao wamevisoma kuliko kijiji kizima."

Nilicheka. Mama mdogo alinitazama, nikarudi kwenye ukurasa wangu.

"Wewe tania tu," alimwambia mumewe. "Siku wakija na gari lao watamuuliza nani? Watasema, mume alikula magunia, mke kala vitabu."

"Waje nani? Ushirika ulikuwa na maghala, na umekufa. Kitu chenye maghala kimekufa, mke wangu, wewe unamsubiri mwenye vijitabu vya kuku?"

"Wewe ulikabidhi."

Baba mdogo alipapasa funguo zake mfukoni.

"Ulikabidhi, ukapewa karatasi, ndiyo maana uko hapa unanichekesha. Mimi nina karatasi gani?"

"Nitakuandikia mimi."

"Na mhuri?"

"Nitachonga kiazi."

"Usinichezee, baba. Nakwambia usinichezee." Sauti yake ilikuwa imebadilika, na mumewe aliisikia, maana alikaa kwenye kigoda akaanza kuongea polepole, kama mtu anayepatana bei na hataki kumkosa muuzaji. Alisema haoni vizuri kupika mwenyewe. Alisema duka linahitaji mtu anayejua hesabu. Alisema kule kuna watoto wengi wasiosoma, na mkewe angeweza kuwafundisha hata chini ya mti.

"Nikishakabidhi nitakuja," alisema mama mdogo. "Hata kwa miguu nitakuja."

"Nitasubiri mpaka mahindi mabichi."

"Mahindi mabichi ni karibu."

"Basi kabidhi upesi."

Aliondoka na gari. Kitenge alikiacha, na redio aliiacha.

Wale wanaodhani kwamba kugawa vitabu vya bure ni rahisi hawajajaribu kuvigawa kwa utaratibu. Mama mdogo alianza na mtendaji wa kijiji, kijana mkweli aliyemwambia, "Mama, ukinipa mimi, kesho mimi ndiye nitaanza kutafuta wa kumpa." Akaenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Huyo alivitamani, nilimwona alivyovishika. Lakini alisema, "Nivipokee kwa kifungu gani, Mwalimu? Nikaguliwe, niulizwe vimetoka wapi?" Mratibu wa elimu alikuwa amehamishwa, na nafasi yake ilikuwa na meza tu. Paroko alisema parokia haiwezi kupokea mali ya serikali bila barua. Ofisa aliyempa siku ile ya makofi alikuwa amestaafu, wengine wakasema amekufa, wengine wakasema anauza mbao Songea. Mama mdogo alipanda Mbinga zaidi ya mara moja kwenye lori, amevaa gauni lake la kanisani, akakaa kwenye mabenchi ya wilaya. Pale alikuwa mama wa kijijini anayedai ana vitabu vya serikali nyumbani, na kila aliyemsikiliza alimtazama kana kwamba ama ni mwizi aliyezidiwa na dhamira, ama si mzima. Mmoja alimuuliza, "Na wewe unataka ulipwe nini?"

Mahindi mabichi yalikuja yakaisha. Yakaja mengine.

Nyumbani kwetu Mbuji jambo hili lilikuwa mjadala wa kudumu, hasa wakati wa kuchambua kahawa. Mama alikuwa na nadharia yake. "Mdogo wangu hataki kwenda," alisema. "Vitabu ni kisingizio. Mtu akitaka kumfuata mumewe, ataacha hata mtoto wa kunyonya, sembuse karatasi. Tunduru anaogopa."

Baba alimjibu kwamba mtu anayeogopa Tunduru hapandi lori la Mbinga kila mwezi.

"Anapanda ili sisi tumwone anapanda," alisema mama.

Mimi sikuwa na upande. Nilikuwa nimeanza kujiona msomi, na msomi wa umri ule anaona kila upande una hoja, jambo ambalo halimsaidii mtu yeyote.

Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, Dar es Salaam, nilipata barua yake. Alikuwa na mwandiko wa ubaoni, herufi kubwa zilizosimama. Aliomba niende wizarani, kwa kuwa nilikuwa jirani, nikaulize nani wa kuvipokea. Jirani! Lakini nilifurahi. Kwa mara ya kwanza elimu yangu ilikuwa imeombwa kazi. Niliandika barua rasmi yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari na maneno kama "aidha" na "kwa muktadha huo", nikavaa sketi ya kuazima, nikaenda. Mlango wa kwanza ulinielekeza wa pili. Wa pili walisema idara ile iliunganishwa na nyingine. Ile nyingine walisema iligawanywa. Bwana mmoja aliisoma barua yangu hadi mwisho, akanisifia Kiswahili, akairudisha. Nilitoka nimesifiwa na sikujua chochote. Katika ziara ya mwisho karani mmoja alinihurumia, akaniandikia namba ya simu ya ofisi ya mkoa, akasema mambo ya maktaba za vijiji yalirudishwa huko. "Piga tu," alisema. "Usiandike."

Kabla sijarudi nyumbani kwa likizo, habari zikatangulia. Shemeji yake mama mdogo alikuwa ametoka Tunduru na kusema kwamba baba mdogo ameweka mtu ndani. Mwanamke wa kulekule, mwenye watoto wake wawili. Shemeji alisema baba mdogo alilia alipokuwa anamweleza, na kwamba alisema amesubiri mpaka akaona aibu ya kusubiri. Sijui kama ni kweli kwamba alilia. Mashemeji huongeza.

Nilidhani mama mdogo sasa ataachana na suala la vitabu. Kumbe ndiyo kwanza alikuja Mbuji na kikapu cha usipa, akakaa nasi, akasema anataka ipigwe ile simu ya mkoa niliyomwandikia.

"Sasa ya nini?" mama alimuuliza. "Mdogo wangu, ya nini? Ulitaka kubaki, umebaki. Mungu amekupa."

"Nataka kukabidhi."

"Uende wapi?"

Mama mdogo aliinamia kikapu. Alikuwa anachambua usipa, anatoa mchanga.

Siku ya soko tulishuka Mbinga wote watatu. Simu ya kulipia tuliyoiamini ilikuwa dukani kwa mzee mmoja wa Kiislamu, ambaye babu zake walikuja kutoka Kilwa na ambaye aliuza vitambaa, chumvi na misumari. Simu ilikaa juu ya kaunta, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mkate. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuuliza habari za Mbuji na za ziwani, akatoa kitambaa, akajiondoa upande wa pili wa duka, akaanza kupanga vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa, ili asisikie.

Nilipiga mimi. Baada ya mikwaruzo mingi ikaitikia sauti ya kijana. Nilianza na muktadha. Mama mdogo alinigusa mkono, akasema, "Nipe." Alishika simu kwa mikono miwili akaongea kwa sauti kubwa, kama watu wote wa kwetu walivyoongea na simu, kwa kuwa Songea ni mbali.

"Haloo! Mimi ni mwalimu wa watu wazima, Lipingo. Nina vitabu vya maktaba ya kijiji. Nataka wa kumkabidhi."

Kijana alimwamkia kwanza. Alikuwa na adabu. Akamwomba asubiri, tukasikia anamuuliza mtu, kisha makabati, kisha akarudi. Mama mdogo alikuwa ameitenga simu kidogo na sikio, na kwa jinsi kijana naye alivyokuwa anapaza sauti, tulisikia wote.

"Mama, vile vitabu vya maktaba za vijiji, si vilishaachiwa vijiji?"

"Viliachiwa lini?"

"Zamani, mama. Waraka ulitoka zamani, kabla hata vyama vya ushirika havijafungwa. Vilifutwa kwenye mali za serikali, vikawa mali ya wanakijiji."

"Waraka huo uliletwa kwetu?"

"Ulipelekwa wilayani. Huko chini, mama, mimi sijui."

"Siku ninavitoa ghalani, mvua inanyesha…"

"Vilikuwa vyenu tayari."

"Kwa hiyo wa kumkabidhi ni nani?"

"Hakuna, mama. Hakuna cha kukabidhi. Hata ukivigawa leo ni sawa."

Mama mdogo alilegeza mikono kwenye simu. Niliogopa simu imekatika. Mzee mwenye duka aliacha kupanga vitambaa.

"Kwa hiyo," alisema mama mdogo, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ya ndani ya nyumba, "ningeweza kuondoka."

"Samahani mama, sikusikii."

"Nasema, miaka yote hii ningeweza kuondoka."

"Ungeweza, mama. Siku yoyote. Kwani ulitaka kwenda wapi?"

"Tunduru."

"Tunduru kuna nini?"

"Kulikuwa na mume wangu. Nilimwambia nakuja."

Kijana akasema, kwa heshima yote, "Oh, pole sana, mama. Alifariki lini?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, ameegemea magunia ya chumvi. Nilimsikia akivuta pumzi, nikageuka, nikaona ameziba mdomo kwa ncha ya khanga. Hakuwahi tena, hadi leo, kusema kwamba mdogo wake hakutaka kwenda.

Mama mdogo hakumsahihisha yule kijana. Alisema, "Asante, mwanangu," akasubiri kidogo kama kungekuwa na neno jingine, kisha akairudisha simu mahali pake.